Majina Matatu ya Meli ya Baba

Juzi jirani yangu hapa Utemini alikuwa anapaka geti lake rangi ya mafuta. Harufu ikaingia jikoni kwangu, nikaweka mwiko chini, hofu ya utotoni imenirudia, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi kijijini Kinampanda na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya mizigo, kazi yake kukwangua kutu na kupaka rangi. Sisi bahari tuliijua kwa kusimuliwa tu. Barua zake nilizisoma mimi, kwa sauti, bibi akipepeta uwele na kuitikia kila salamu kana kwamba baba yuko mlangoni.

Siku hiyo bahasha ilinuka rangi. Ndani mlikuwa na kipande kilichobanduka ubavuni mwa meli, kinene, chenye tabaka kama kitunguu. Chini kabisa, baba alieleza, kijivu, rangi ya wakati wa vita, meli ilipobeba mizinga na unga wa askari. Juu yake nyeusi, ya Mgiriki aliyeinunua vita ilipokwisha, akaipakia saruji. Juu kabisa kijani, ya tajiri wa sasa, wa pamba na katani. "Kila anayeinunua huipa jina jipya," baba aliandika kwa furaha. "Hili ni la tatu. Mwezi ujao tunavuka kwenda India."

Ungo ukanyamaza.

"Soma tena hapo pa majina," bibi alisema.

Nikasoma. Mnielewe, jamani. Kwetu mtoto akiugua-ugua alibadilishwa jina, kwamba la kwanza limemkataa. Mdogo wangu alibadilishwa mara moja, na kabla hatujampatia la tatu tukamzika nyuma ya zizi. Kwa hiyo meli yenye majina matatu tuliijua ni mgonjwa wa kufa, na baba yumo tumboni mwake. Niliogopa hadi nikajikojolea, mchana kweupe, msichana wa darasa la nne.

"Andika. Mwambie baba yako hivi: 'Mama yako yuko kitandani, hali, hasemi.'"

"Lakini bibi, si unasema?"

"Andika! Na akija alete chumvi."

Nikaandika yote. Baada ya hapo kila basi lililopunguza mwendo barabarani lilinikimbiza uvunguni, maana sikujua linamshusha baba au mtu wa kutuletea msiba. Wiki ya nne akashuka baba, na sanduku lake la bati. Bibi alikuwa shambani, analima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Baba hakuuliza habari za ugonjwa. Akatoa chumvi sandukuni, akachukua jembe, na melini hakurudi tena.

Meli haikuzama. Miaka mingi baadaye, rafiki yake wa melini alipotutembelea, alisema ilikwenda India ikarudi, ikauzwa tena, ikapewa jina la nne, mwishowe ikakatwakatwa vyuma chakavu. Niliumia sana, nikaona tulimnyang'anya baba bahari yake bure. Nikamwomba msamaha, naye keshakuwa mzee wa fimbo.

Alicheka. "Mtu asiyesema ataagizaje chumvi? Nilijua palepale."

"Sasa mbona ulirudi?"

"Nilikuwa nikigonga kutu, nyundo inatoboa ubavu wa meli, inatokea upande wa pili. Niliogopa, mwanangu. Kila siku niliogopa, na ningemwambia nani?"

Kumbe kwa ile barua ya furaha, yale majina matatu na kile kipande cha rangi, baba alikuwa anaomba aitwe nyumbani.