Mbili au Kumi na Nane

Asubuhi moja miaka ya sabini, pale Isiolo, nilimwona mwalimu aliyehamishiwa Marsabit akisubiri basi na mkewe, naye pia mwalimu, aliyekuja kumsindikiza tu. Mke alichora vumbini kwa kijiti: 12 ÷ 2x.

"Kama x ni tatu?"

"Mbili," akasema mume. "2x ni kitu kimoja."

"Hapana, Mwalimu. Unagawa kwanza, halafu unazidisha. Kumi na nane."

Wakabishana polepole, vichwa vikikaribiana, kama watu wanaoota ndoto moja. Basi likapiga honi, likaondoka. Mume akashtuka vumbi lilipomfikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Hatukuwa tumemaliza," mke akajibu, akimshika mkono.

Walimu wanaosoma safu hii watanieleza jibu ni lipi. Mimi ninachojua ni kwamba mama yule aliisikia honi.