Kioo cha Kushoto cha Mzee Modest

Fidelis, mtoto wa marehemu mzee Modest wa Ruangwa, alinipigia simu nikiwa nimelala chali chini ya Fuso iliyotoka Kilimarondo, oili inanidondokea shingoni. Mimi ni fundi bodi hapa Nachingwea tangu sijaoa, na sasa nina wajukuu. Mgongo umekwisha, magoti yamekwisha, kilichobaki kizima ni mdomo. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikapokea.

"Shikamoo mzee Rogath. Ile Datsun ya marehemu baba nimeipatia mtu," akasema. Yeye anakaa Dar siku hizi. "Jamaa anakusanya magari ya michezo ya zamani, ya Kijapani. Injini atahangaika nayo mwenyewe. Anachotaka ni vile vioo vya mbele, vile vinavyokaa juu ya madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu ya mbele, maana anasema siku hizi havipatikani. Avikute vinang'aa na vinafanya kazi. Ukimaliza tu, lori linakuja kulibeba."

"Ruangwa kuna mafundi," nikamwambia.

"Mama anakutaka wewe. Na anataka gari liondoke haraka, mzee wangu. Hataki hata kuliona."

Nikakubali. Sijui kwa nini huwa nakubali. Mke wangu alipoona nafunga vifaa kwenye mfuko alisema mimi nitafia chini ya magari ya watu na wenyewe hata kwenye msiba hawatafika. Nikamwambia apunguze maneno, anifungie muhogo wa njiani. Akafunga, huku ananung'unika.

Nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa. Vipande vingine vya ile barabara vinatengenezwa na vingine bado ni vumbi tupu, na dereva wangu alikuwa kijana asiyejua kwamba abiria naye ana uti wa mgongo. Nilifika hoi, nyusi nyeupe kwa vumbi.

Mama Fidelis alinipokea vizuri. Jina lake hasa ni Agatha, mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno ya kuzunguka. Alinipa maji ya kunawa, akanionyesha banda la mabati nyuma ya nyumba, akasimama mbali kidogo.

"Liko humo," akasema. "Fanya unachofanya, liondoke. Tangu nimzike Modest nalala vibaya kwa ajili ya hilo dubwana."

Mzee Modest nilimfahamu, na nani hakumfahamu? Alikuwa karani wa ghala la korosho, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, asiyelewa, asiyegombana, misa ya kwanza kila Jumapili. Mtu wa kawaida kabisa isipokuwa kwa gari. Mzungu mmoja, bwana shamba wa misheni, aliporudi kwao alimwachia ile Datsun ikiwa imekufa, ya milango miwili, pua ndefu, chini chini kama sahani. Modest akaifufua kidogo kidogo kwa miaka, peke yake, kila akitoka ghalani. Tumbo la gari lilikuwa linakwaruza matuta, basi akainyanyua kwa springi za pikapu. Watu walicheka mpaka wakachoka. Yeye akawa anapita tu, amekaza shingo, macho mbele.

Nikafungua mlango wa banda. Kuku wakatoka mbio. Gari lilikuwa limejaa vumbi na vinyesi vyao, lakini vioo vile viwili vilikuwepo, kila kimoja juu ya digadi lake, mbele kabisa ya mlango. Watoto wa leo hawajui vioo vya namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba dereva hageuzi kichwa. Anatazama barabara, na palepale, kwa kushusha jicho tu, anaona kilichoko nyuma.

Nikaanza na cha kulia. Kilikuwa na kutu lakini kinatii. Nikakifungua, nikakiloweka kwenye mafuta ya taa, nikakisugua kwa karatasi ile inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara na maji kidogo, maana msasa unaua kromu, ule mng'ao wa juu. Kioo chenyewe kilikuwa kimeota madoa meusi, nikaweka kipya nilichokatiwa sokoni. Nikatia grisi kwenye kifundo, pale kinapopindia, nikakifunga. Kikawa kinageuka kwa kidole. Nikajisifu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Cha kushoto ndicho kilichonitia hasira. Nati zake zilikuwa zimeshikana na kutu, nikaamua kukisafisha palepale kilipo. Nikasugua, nikabadilisha kioo, halafu nikajaribu kukigeuza. Wapi. Nikafuta uchafu kwenye kifundo, ndipo nikaona kwamba kimechomelewa. Mtu alikuwa amekiziba kwa weldi kuzunguka kote, kisigeuke tena daima. Na aliyefanya hivyo hakuwa na haraka, weldi ilikuwa nyembamba na safi. Ilikuwa ya zamani, chini ya rangi.

"Mama Fidelis," nikaita. "Nani kaharibu kioo hiki?"

Alikuja na sinia la chai na mihogo, akaliegemeza kiunoni. "Nani tena? Mwenyewe. Alikwenda kukichomelea Nachingwea, nakumbuka mpaka siku. Mtoto anaumwa, yeye anapeleka kioo kikachomelewe."

"Fidelis aliumwa?"

"Si Fidelis." Akaliweka sinia chini. "Zamani nilikuwa naitwa Mama Eva."

Sikuwa najua. Mtu akimzika mtoto wa kwanza, watu wanahama polepole kwenye jina la wa pili, kwa huruma, na mwisho la kwanza linasahaulika. Nikampa pole. Akaipokea kwa kichwa.

Akanisimulia akiwa amesimama, bila machozi, kama mtu anayesimulia mashitaka. Eva alikuwa na selimundu. Karibu mwaka mzima wa mwisho ilikuwa safari za Nachingwea, hospitali, kuongezewa damu na kurudi. Gari lenyewe la watu wawili. Baba anaendesha, mtoto siti ya kushoto, juu ya mto wa godoro aliomshonea ili aone njia. Mama anabaki mlangoni na Fidelis mgongoni.

"Mimi sikupanda gari hilo hata siku moja," akasema. "Nilikuwa nasimama hapo, namwona anavyoondoka. Mtoto anahema kwa shida, na baba yake kakaza shingo, macho mbele. Hageuki. Hata hamtazami! Siku moja nikamwambia, wewe mwanaume, mtazame basi mwanao. Akanijibu kwamba akigeuka, kwenye barabara ile, atawaua wote wawili. Ni jibu hilo?"

Nikasema barabara ilikuwa mbaya kweli.

"Usimtetee. Siku tunazika hakulia. Watu wote wanalia, yeye kakauka. Tumerudi kutoka makaburini, kaingia bandani kuosha gari. Na tangu siku ile hakuna mtu aliyekaa siti ile. Padri aliomba lifti, akamnyima. Dada yangu akamnyima. Watu wakasema Modest anajisikia. Mimi nikajua basi, mume wangu anapenda bati kuliko damu yake. Nimempikia, nimemfulia, nimemuuguza mpaka mwisho, lakini hilo sikumsamehe. Nataka liondoke nipumzike."

Mimi si mtu wa kutuliza watu. Kila anayeniletea gari ananiletea na habari zake, na miaka hii sina tena mahali pa kuziweka. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikanywa chai, nikarudi kazini.

Ile weldi ilikuwa lazima ikatwe, lakini huwezi kukata bila kujua kioo kinatazama wapi na kinatakiwa kupindwa kiasi gani. Nikafungua mlango wa dereva, nikajitupa ndani. Gari lile unaliingia kama unaingia kwenye beseni, na magoti yangu yakanitukana. Nikatazama kioo cha kulia. Ukuta wa banda nyuma yangu, mlango, kuku, kila kitu mahali pake. Nikatazama cha kushoto.

Hakikuonyesha nyuma hata kidogo. Kilikuwa kimepindwa kikatazama ndani ya gari. Nilichokiona mle ni siti tupu ya abiria, kuanzia pale mtu mzima anapofikisha kifua kushuka mpaka kwenye kile kimto cha godoro, ambacho bado kilikuwa pale, kitambaa kimeliwa na panya.

Nikacheka peke yangu kwa uchovu. Mtu anachomelea kioo kwa ustadi wote ule, na kakikosea! Nikatoa kichwa dirishani.

"Mama Fidelis, marehemu alikuwa na mambo. Kioo hiki hakioni barabara kabisa. Kinatazama siti."

Alikuwa anapepeta choroko uani. "Siti gani?"

"Ya abiria. Na wala si usawa wa mtu. Ni chini. Nikikaa mimi pale kitaonyesha vifungo vya shati."

Ungo ukasimama.

Nikaendelea kueleza, mdomo wangu ndivyo ulivyo, kwamba barabara zile za zamani zilikuwa zinatikisa kioo mpaka kinainama chenyewe, kwa hiyo asiyetaka kioo chake kihame anakichomelea, lakini basi angekipanga vizuri kwanza. Nikasema labda alimwelekeza fundi vibaya. Niliposikia maneno yangu mwenyewe nikanyamaza. Mtu aliyeliendesha gari lile miaka yote ile, tena mtu wa ghala, wa kuhesabu gunia moja moja, hawezi kukaa na kioo kilichokosewa. Angekirudisha kesho yake.

Alikuwa ameshafika mlangoni pa gari. Makapi ya choroko yalikuwa yamemshika kwenye mikono, hakuyapangusa.

"Toka," akasema.

"Mama, humu kuna grisi, utachafua nguo."

"Toka hapo, fundi."

Nikajikokota nje. Aliingia kwa shida, akakusanya kitenge, akakaa. Hakugusa usukani. Mikono aliiweka mapajani kama yuko kanisani.

"Mimi na Modest tulikuwa kimo kimoja," akasema, macho mbele. "Zunguka. Kaa kule."

Nikazunguka. Nikakaa juu ya kile kimto, kichwa kikagonga dari.

"Shuka."

Nikashuka kidogo.

"Shuka zaidi. Eva alikuwa mdogo."

Ilibidi nitoe makalio mbele mpaka magoti yagonge dashibodi, shingo imepinda, mgongo unaniuma mpaka nikang'ata meno. Nilishuka mpaka macho yangu yakabaki juu kidogo ya dashibodi. Pale, kupitia kioo cha mbele, juu ya digadi la kushoto, niliyaona macho yake. Ndani ya kile kioo kidogo yalikuwa yananitazama usoni moja kwa moja. Nikageuza jicho pembeni kumtazama mwenyewe. Alikuwa amekaza shingo, uso mbele, hajageuka hata kidogo. Yeyote ambaye angesimama mlangoni pa nyumba angeapa kwamba anatazama barabara.

Nikabaki nimejikunja vile vile, magoti kwenye dashibodi.

"Uso unaonekana wote," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpaka kidevu."

"Ndiyo, mama."

"Njia nzima."

"Njia nzima. Kwenda na kurudi."

Aliubana mdomo, ukamshinda.

"Angeniambia," akasema. "Kwa nini hakuniambia? Nimemnunia mtu huyu mpaka kwenye jeneza."

Halafu akalia, palepale kwenye siti ya mumewe, kwa sauti, bila kujifunika. Hakuyatoa macho yake kwenye kioo. Nilitaka kutoka nimwache alie peke yake. Nikashika mlango, nikaanza kujivuta juu.

"Usiinuke kwanza," akasema. "Baki hapo hapo ulipo."

Nikashuka tena mpaka usawa ule, nikatulia.