Mpaka Nione Majani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka ule tuliokula ndagala bila bugali. Ulikuwa mwaka gani, waulize waliosoma. Mimi naujua kwa tumbo. Mihogo ilikuwa imeozea udongoni, na ziwa likatoa samaki kama lenye wazimu. Ndagala asubuhi, ndagala jioni, za kukaanga, za kuchemsha, mpaka paka wa kwetu Songo, pale Uvira, wakawa wanageuza uso. Ulikuwa bado wakati wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa msichana mwenye shingo ndefu na mdomo mrefu zaidi. Usicheke, mjukuu wangu. Hiki unachokiona leo ni masalio tu.

Dada yangu alikuwa amejifungua tena, na mtoto wake wa kwanza, Lusa, alikuwa ameachishwa ziwa mapema. Akakonda hadi kichwa kikamzidi mwili. Mama akanifunga mtoto huyo mgongoni, akaniambia: "Mpandishe kwa wenye ng'ombe akanywe maziwa. Unirudishie kama nilivyokupa, ama amezidi."

Siku hizo wanawake wa ziwani walipanda mlima kwa msururu, kila mmoja na kitunga cha ndagala kavu, wakazibadilishe kwa mahindi na maharage ya watu wa juu. Msururu ulikuwa na desturi yake: anatangulia mama mkubwa kuliko wote, na anapotia mguu, nanyi mnatia mguu palepale. Kusimama kabla yeye hajasimama ni kumvua nguo mbele za watu. Na aliyetangulia safari ile alikuwa Mama Yoani wa Kalundu, mama wa kijana aliyenichumbia. Posa ilikuwa imekwisha pokelewa. Basi nilitembea macho chini, kinywa kimefungwa, kama niliyebeba mayai.

Tulifika juu. Lusa akanywa maziwa mpaka akalala na povu mdomoni. Jioni ikanyesha mvua ya mawe, ikapiga nyasi za paa kama watu wanaotwanga. Sisi tukakaa karibu na moto tukijipaka mawese toka goti hadi unyayo. Ndiyo ilikuwa dawa yetu ya baridi, watu wa ziwani. Tulipaka mpaka tukang'aa. Mwenyeji wetu, bibi mmoja mfugaji mwenye visigino vilivyopasuka kama gome la mti, akatutazama sana.

"Nyinyi watu wa samaki," akasema, "mnajitayarisha kutembea ama kukaangwa?"

Tulicheka, tukaendelea kupaka.

Asubuhi nilipotoka nje nilidhani mtu amemwaga chumvi juu ya mlima mzima. Baridi ya usiku ilikuwa imeshikanisha yale mawe ya mvua, yakawa gamba moja jeupe, gumu. Wenye shule wananiambia kuna nchi ambako watu wanatembea juu ya kitu kama hicho miezi na miezi. Pole yao. Yule bibi akanivuta sikio, kweli alilivuta, akaninong'oneza: "Weye uliyebeba mtoto, jua likipanda hii nyeupe itakufa. Ukiona majani, kanyaga majani. Kabla ya hapo, kaa."

Kule juu kwenye tambarare safari ilikuwa mchezo. Hapa tope, pale nyasi, pale kidimbwi kilichoganda juu kama kioo chembamba, ukikikanyaga kinalia. Kisha tukafika panapoanza mteremko. Njia ilikuwa nyembamba, imeshika ubavu wa mlima, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila ukungu. Na njia yote ilikuwa nyeupe.

Mama Yoani akashuka. Wengine wakashuka nyuma yake, wakishika vichaka. Mimi nikatia mguu mmoja. Mguu una mawese. Ukaenda wenyewe kabla sijautuma. Nikashika jiwe, nikabaki. Lusa mgongoni akacheka, alidhani ninamchezesha. Kile kicheko ndicho kilichonitosha. Nikarudi nyuma, nikakaa chini.

"Weye binti! Unangoja nini?" Mama Yoani akapaza sauti toka chini.

"Jua, Mama."

"Jua? Kwani iko ndagala unaanika? Simama! Watu iko wanakungoja."

Kama ingekuwa mifupa yangu peke yangu, mwanangu, ningeshuka. Nilimtaka sana Yoani. Lakini mifupa ya mgongoni haikuwa yangu.

"Minye sishuki mpaka nione majani."

Nilisikia mwanamke mmoja akisema taratibu, "Mama wee, posa imekwenda."

"Basi kaa hapo," akasema Mama Yoani, "uolewe na ng'ombe." Wakaenda.

Sasa unangoja nikuambie kwamba mmoja wao aliteleza. Hakuna. Walishuka wote, wakafika Uvira na mahindi yao mazima. Mimi nilijifuta mawese kwa udongo, nikamtafunia Lusa kiazi, nikangoja. Jua lilipopanda, ile nyeupe ikawa ya kijivu, ikaanza kulia maji. Kisha kando ya jiwe yakatokea majani machache, kama nywele za kwanza za mtoto. Nikakanyaga hapo. Kisha mahali pengine. Nilifika Songo giza likiingia. Mama hakunisalimu kwanza; alimfungua mtoto, akampapasa mbavu, ndipo akasema, "Umemrudisha."

Habari ilienea Kalundu yote. Yoani akaja, na mabega yake yale ya kubeba mizigo bandarini.

"Mama anataka umpigie magoti tu, yaishe. Useme ulikosea."

Nikamtazama Lusa akila udongo kando ya mlango. Nikamjibu, "Minye sishuki mpaka nione majani."

Akangoja kidogo, pengine nitacheka. Kisha akaenda. Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Babu yako alikuja baadaye, toka Luvungi. Neno lake la kwanza: "Ni weye ule wa majani?" Nikamwambia ni minye. "Basi nitatembea polepole," akasema. Unashangaa kwa nini nilimkubali?

Mwanangu, waheshimu wakubwa. Yule aliyetangulia mimi nilimwita Mama mpaka mwisho. Lakini yule uliyefungiwa mgongoni, wa kumjibia ni wewe, si anayetangulia. Usingoje wenzako waanguke ndipo uamini mguu wako, wala usiwaombee kuanguka. Kubali kuchekwa, kubali kuchelewa, fika naye. Mungu akupe jua la kutosha na moyo wa kulingoja, na wote utakaowabeba uwarudishe wamenenepa.

Na Mama Yoani? Nilimkuta Kalundu amezeeka, macho yamefifia, anaanika ndagala. Nikamsalimu, akaijua sauti. Akanishika mkono.

"Sasa omba radhi, binti, nife vizuri."

Midomo yake ilikuwa imeanza kucheka kabla sijajibu.

"Mama," nikamwambia, "minye sishuki mpaka nione majani."