Kompyuta ya Baba na Radi ya Mama

Mama alitaka cherehani, Baba akanunua kompyuta. Hiyo ndiyo historia ya soko huria nyumbani kwetu, mengine ni maelezo tu.

Shamba la mkonge alikokuwa karani wa stoo lilipouzwa kwa mwekezaji, Baba alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, wakapewa kiinua mgongo na kushikwa mkono. Wenzake wenye akili walinunua mabati. Wengine walioa wake wa pili. Yeye alipanda basi hadi Tanga, akarudi na kompyuta ya mtumba pamoja na printa ya utepe inayopiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Akaviweka chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Old Korogwe, akatundika kibao mlangoni kwamba hapa panachapwa barua na kazi zote za ofisi. Mama aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma. Wageni walidhani anaipenda, kumbe alikuwa hataki kuiona.

Ile mashine haikudumu. Ilianza kuwa nzito, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai ukanywa kabla haijaamka, kisha siku moja ikagoma kabisa. Fundi aliifungua, akaisikiliza ikikwaruza ndani, akasema diski yake imekufa, na kwa umri wake hata ukiitia diski mpya, programu za kisasa haiziwezi. Mama hakulia. Kaka yake wa Kwedizinga, kule Handeni, alikuwa na cherehani iliyokaa bure tangu mkewe amkimbie, naye alitaka kufungua banda la video. Aliamini kompyuta ni televisheni iliyosoma. Wakakubaliana kubadilishana: Jumamosi mjomba analeta cherehani, anaondoka na kompyuta. Kama aliambiwa kwamba imekufa, mimi sijui.

Nilirudi likizo kutoka chuoni Tanga nikamkuta Baba anaipangusa maiti vumbi. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Nilipomuuliza, alijibu bila kuniangalia.

"Wakiichukua hii, mimi humu ndani nitakuwa nani? Mtu wa kuulizwa chumvi iko wapi?"

Mimi si mtu wa huruma nyingi, waulize niliosoma nao, lakini hiyo ilinichoma. Nikaenda kupekua begi langu. Kulikuwa na CD niliyochomewa na mwenzangu wa darasani, yenye mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta, mwepesi mpaka unaingia wote kwenye kumbukumbu ya mashine bila kuhitaji diski. Unaweka CD, unawasha, basi. Sikuwa nimewahi kuujaribu. Nikaiingiza, ikapita mistari myeupe ya maandishi mengi ya kutisha, kompyuta ikapiga mlio, na kabla Baba hajamaliza kuuliza kama imeharibika zaidi, kioo kikawa cha bluu na vipicha vyake vimepangwa, pamoja na programu ya kuandikia.

Baba alitaka kujua mwenye mfumo huo ni nani. Nikamwambia hauna mwenyewe mmoja, umetengenezwa na watu wengi wa nchi mbalimbali, unatolewa bure, na anayetaka kuufungua aone ulivyoshonwa na kuurekebisha anaruhusiwa. Huyu ni mtu aliyeishi miaka yote ya mali ya umma, akiwa ndani ya stoo yake.

"Yaani ni wa wote," akasema, "na bado unafanya kazi?"

Hapo ndipo alipoanza kuutilia shaka. Mzigo uliofika bila hati ya kupokelea haukuwahi kuingia stoo yake. Lakini wiki hiyohiyo mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Mkumbara alikuja hoi, mchapaji wake anaumwa, mitihani ya muhula inatakiwa Jumamosi asubuhi. Baba akaipokea kabla sijafungua mdomo. Mama, aliyekuwa mlangoni na ungo wake, akatoa hukumu: mitihani ikitoka, kompyuta inabaki. Isipotoka, inakwenda Kwedizinga na yeye anapata cherehani yake, na asisikie tena neno kompyuta mpaka anazikwa.

Ijumaa wakaanza. Mwandiko wa yule mwalimu ulikuwa wa kukimbizwa, macho ya Baba yakagoma, ikabidi Mama asome. Alisoma kwa sauti ya kununa, Baba akidonoa herufi kwa vidole viwili. Mimi nikawa natoka kutafuta utepe wa printa mjini. Kabla sijaondoka nilimwambia Baba kwamba kwa mfumo huu kila kitu kinakaa hewani, umeme ukikatika kinapotea, kwa hiyo kila akimaliza swali ahifadhi kwenye disketi. Akaitikia kwa kichwa vizuri sana.

Njiani radi ikaanza milimani, na mvua ikanikamata.

Nyumbani kwetu radi ikilia vioo vinageuziwa ukutani, mwenye nguo nyekundu anabadili, na kila chenye waya kinachomolewa. Hiyo ni sheria ya Mama, aliitoa kwao na hajawahi kuisamehe nyumba yoyote. Niliporudi nimelowa chapachapa nikakuta kioo cha kabati kimegeuzwa, waya uko sakafuni, na Baba amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika, vidole vyake viwili bado viko juu. Disketi ilikuwa mezani, ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mzigo hauingizwi stoo nusunusu, alikuwa anangoja ukamilike. Miaka yote ya ukarani wake imemwishia hapo. Hasira ilinipanda, na kwa kuwa Baba alikuwa ameshanywea, nikamgeukia Mama. Nikamwambia amefanya makusudi, ameua kazi ya mume wake kwa ajili ya cherehani. Mtoto wa kike kumwambia mama yake hivyo, tena Korogwe, ni kujitafutia laana.

Hakunipiga. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Maswali yote nimeyasoma mimi, koo limenikauka. Nilikuwa nasoma ili niyatupe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mvua ilipopungua, Mama aliokota waya mwenyewe akauchomeka. Mfumo ukaamka palepale, haukulalamika kwamba umezimwa vibaya, haukununa wala kukagua chochote. Nikaichana nailoni ya disketi. Mama akaanza upya kusoma, safari hii nusu ya maswali alikuwa anayajua kwa kichwa, na kila Baba alipofika mwisho wa swali nilimpiga kiwiko mpaka ahifadhi. Mkeka wa swala ya magharibi ulipotandikwa tulikuwa tumemaliza.

Jumamosi mjomba aliteremka kwenye basi na cherehani imefungwa kwa kamba za mpira, akakuta printa inapiga kelele na mwalimu mkuu ameshika karatasi mkononi. Tukamwamkia, akanywa chai, akaelezwa. Mama alizifungua kamba, akaizunguka ile cherehani, akaligusa gurudumu lake, likazunguka vizuri. Kisha akazifunga tena kamba mwenyewe, akambebesha kaka yake.

Masika yaliyofuata nilikuwa nyumbani tena. Radi ikalia, Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akageuza kioo, akaushika waya ukutani. Halafu akasimama.

"Hifadhi kwanza," akamwambia Baba.

Baba akaanza kutafuta pa kubonyeza, na mzee yule hana haraka na jambo lolote duniani. Radi ya pili ikapiga karibu zaidi. Mama anaogopa radi kuliko chui, lakini mkono wake ulibaki palepale kwenye waya. Hakuuchomoa mpaka Baba aliposema tayari.