Fundi wa Gari Lisilokuwapo

Mimi ni msusi, na kazi ya msusi ni kushika vichwa vya watu asiowajua. Nimeona chawa, nimeona mba, nimeona vibarango vimefichwa chini ya kilemba cha hariri. Sishtuki. Mwenye kichwa anakuja akijua ana shida, nami nachemsha vitana vyangu, na taulo zangu zinalala kwenye maji ya dawa. Kinyaa hasa nilikijua siku niliyovishwa ile miwani.

Siku hiyo kituo cha vijana kiliwaita walezi waje waone watoto wao wanavyofundishwa ufundi. Mratibu, mwanamke wa makamo anayeongea kwa sauti ya kubembeleza hata anapokukatalia kitu, alitupanga mstari akatuvisha miwani ileile mmoja baada ya mwingine. Ni kubwa kama ya mpiga mbizi, inaziba uso kuanzia kwenye paji hadi puani, na ukingoni ina sponji nyeusi. Zamu yangu ilipofika sponji ilishalowa. Jasho la mama aliyenitangulia likanigusa nyusi, pamoja na mafuta yake ya nywele, ambayo niliyatambua kwa harufu kwa sababu nami nayauza.

"Hii mnaifuta na nini?" nikauliza.

"Angalia juu, mama, utaona dari," akajibu.

Nikaangalia. Nilikuwa ndani ya gereji safi kuliko wodi ya wazazi. Sakafu inang'aa, hakuna tone la oili, hakuna hata nzi. Katikati kuna gari jekundu lililobonyea mlango, na mbele yangu mikono miwili yenye glavu nyeupe inaelea bila mabega. Nilipogeuza kichwa, gereji ilichelewa kidogo kunifuata, na tumbo langu likachelewa zaidi. Nikaivua miwani nikakimbilia dirishani kutapika. Walezi wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mratibu akasema huo ndio uhalisia pepe, unaona kisichokuwapo kama kipo, mwili utazoea.

Aliyenipeleka kule ni mdogo wangu wa mwisho. Mtaani wanamwita Kobe, kwa kuwa ni mzito wa kujibu na ukimfokea anavuta shingo ndani. Mama alipofariki nilimchukua, akakulia saluni kwangu, akilala kwenye benchi la wateja, mpaka alipojiunga na kundi la kung'oa vioo vya magari akakamatwa. Hakimu aliuonea huruma umri wake, akampa sharti: amalize mafunzo ya kituo, na siku ya kurudi mahakamani aje na mwajiri. Kikikosekana kimoja, anaenda jela. Kwa hiyo nilifunga mdomo kuhusu sponji. Wangemvisha ndoo ya matapishi, ningefunga mdomo vilevile.

Na Kobe akang'aa. Ndani ya miwani alipuliza rangi kwa mkono uliotulia, tabaka juu ya tabaka, na mashine ikampa alama za juu kuliko wenzake wote. Mratibu akaanza kumwita "kielelezo chetu". Wakija wafadhili, Kobe anaitwa, anavishwa, anapaka lile gari jekundu, na watu wenye suti wanatazama kwenye skrini ukutani na kupiga makofi. Kisha nao wanavaa wajaribu. Mmoja wao alilia ndani ya miwani, eti kwa furaha ya kuona vijana wanavyookolewa. Machozi yake yakavaliwa na aliyefuata.

Haikupita muda darasa zima likaumwa macho. Kobe aliamka kope zimegandana, usaha wa njano umemkaukia mpaka shavuni. Nilimfungua macho kwa pamba na maji ya chumvi ya uvuguvugu, huku nikimtukana mratibu na ukoo wake mzima. Kisha nikafunga saluni nikamfuata hukohuko.

"Ni vumbi tu la msimu, mama," akaniambia kwa ile sauti yake.

"Vumbi gani hilo linalochagua darasa lako peke yake?"

Alikuwa anamsubiri mpiga picha. Wale watoto, macho yamewavimba kama waliopigwa ngumi, wakapewa miwani ya jua, wakasimama wamekunja mikono kifuani, wakapigwa picha ikabandikwa getini. Walipendeza kama wanamuziki, na hilo ndilo lililonichefua kuliko usaha.

Mafunzo yalipokaribia mwisho, kila kijana alipelekwa kwa fundi wa kweli kwa majaribio. Kobe akaangukia kwa Kikohozi. Huyu amepaka rangi magari maisha yake yote bila kuziba pua, na jina lake analibeba kifuani. Anakohoa, anatema kwenye kopo la rangi lililokwisha, anajifuta mdomo kwa kitambaa kilekile anachofutia boneti. Nilipomwona mara ya kwanza nilisogeza kiti nyuma.

Siku ya kwanza alimpa Kobe bampa apake. Kobe akapuliza tabaka la kwanza, safi kabisa, kisha akafungua vidole, akaliachia bomba la kupulizia rangi hapohapo hewani, akageuka kuchukua msasa. Bomba likaanguka juu ya boneti ya mteja. Fundi akadhani limemteleza. Kobe akaomba radhi, akaliokota, akapuliza tena, akaliachia tena. Ndani ya miwani, ukimaliza na kitu unafungua mkono tu, nacho kinarudi chenyewe ukutani mahali pake. Hivyo ndivyo mikono yake ilivyofundishwa. Akaachia msasa. Akaachia kopo la puti ya kuzibia mabonyeo. Mchana akaachia kikombe cha chai, ya moto, mguuni pake mwenyewe. Mafundi waligaragara kwa kicheko.

Kikohozi akanipigia simu niende.

"Dada, huyu mtoto kalogwa na nani?"

"Na kituo."

"Jicho la rangi analo. Mkono umetulia. Ila hajui kama vitu vina uzito." Akakohoa, akatema. "Niletee kila siku, asiliguse tena hilo dude lao. Akiacha kuangusha, siku ya mahakama nakuja mwenyewe nasema ni wa kwangu. Asipoacha, simdanganyi hakimu mimi."

Kobe akakacha kituo akawa anaenda gereji. Alirudi nyumbani ana rangi mpaka masikioni, ananuka tina ya kuchanganyia rangi, kucha nyeusi tii. Na yule mzito wa kujibu akageuka kasuku. Mara puti inavyosuguliwa, mara rangi inavyolia ikiwa nyepesi mno.

"Dada, leo sijaangusha kitu!"

"Hata kimoja?"

"Kijiko niliangusha. Lakini kijiko si kazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaketi na uchafu wake wote kwenye kiti cha wateja, nami nikamwacha, mimi ninayefukuza watu kwa sababu ya matope ya viatu.

Ndipo mratibu akaja saluni. Aliketi mbele ya kioo changu, akajitengeneza nywele kwa kidole, akasema kielelezo chao hakionekani na wafadhili wanakuja. Akasema, kwa upole mwingi, kwamba asiyehudhuria hahesabiwi kuwa amemaliza, na kituo hakina budi kumwambia hakimu ukweli. Nikahisi kichwa kinawaka. Kabla sijafungua mdomo akatoa mkataba mkobani.

"Lakini sisi si watu wabaya, mama. Tunamwajiri wenyewe. Msaidizi wa mafunzo. Hakimu hatakuwa na la kuuliza."

"Atakuwa anafanya nini?"

"Kuwaonyesha wageni."

"Kuwaonyesha nini?"

"Jinsi vijana wetu wanavyopata ajira."

Nilimtazama kwenye kioo nione kama anatania. Hakuwa anatania. Wanamwajiri mtoto kazi ya kuonyesha kwamba watoto wanaajiriwa! Niliona kinyaa kikipanda mpaka kooni, na nikajua kabisa kwamba nitakimeza.

"Na gereji ataenda saa ngapi?"

"Wageni wengine hawatoi taarifa. Inabidi awepo kila siku."

Kobe alikuwa kwenye benchi lake la zamani. "Dada, Kikohozi alisema atakuja mahakamani."

"Alisema ukiacha kuangusha."

"Naacha. Nimebakiza kidogo tu, dada. Kidogo tu."

Nilitaka kumwamini. Lakini akilini nilimwona pia jela, amelala sakafuni kati ya wanaume wazima, hana hata blanketi, na mimi ninapeleka sabuni getini wanainyang'anya. Hofu ilinishinda nguvu.

"Tia saini," nikamwambia.

Akavuta shingo ndani. Akaandika jina lake polepole, kisha akafungua vidole, na kalamu ikaanguka sakafuni. Mratibu aliinama akaiokota, akampa hongera.

Mahakamani mambo yalikwisha upesi kuliko kusuka nywele za mtoto. Mratibu alisoma mkataba, hakimu akatabasamu, akasema angependa kuona vijana wengi kama huyu. Nami nikashukuru kwa kuinamisha kichwa. Nyuma kabisa mtu akakohoa. Nikageuka. Kikohozi alikuwa amesimama ukutani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele amenyoa, amekumbatia kofia. Kobe aliona aibu kumwambia kwamba harudi tena, na mimi nilijitia hamnazo, basi yule bwana akafunga gereji akaja.

Alitusubiri kwenye korido. Alitafuta pa kutema, hakuona, akameza.

"Kumbe mmeshapata," akasema.

"Si ulisema kama hajaacha kuangusha huji?" Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nalia.

"Nilisema. Halafu nikafikiri, si ataacha kuangusha hapohapo kwangu? Nani hajawahi kuangusha kitu?" Akampiga Kobe bega. "Haya bwana mkubwa. Kazi njema." Akashuka ngazi akikohoa.

Siku hizi Kobe ana kitambulisho shingoni na mshahara mwisho wa mwezi. Majirani wananipongeza. Jana alirudi, akakaa mezani, nikamletea maji ya kunawa kama kawaida. Nikaitazama mikono yake. Kucha nyeupe, viganja laini, hakuna alama hata moja, mikono ya mtu aliyelazwa. Mimi ninayepangusa kila kitu kwa spiriti sikuwahi kuona kitu cha kunitia kinyaa kama usafi ule.

"Gari lenu mmelimaliza?" nikamuuliza, nipate tu la kusema.

"Haliishi, dada," akasema, mikono imo ndani ya bakuli. "Nikilipaka likawa zuri, wanazima. Asubuhi nalikuta limebonyea vilevile."