Barua ya Njeri Niliyoitia Kwenye Droo ya Vijiko

Kosa nimelifanya mimi. Si shetani, si uzee, wala hakuna aliyenipoteza. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia, na kwa kujiamini kwingi!

Nisikilizeni basi, lakini msinihurumie. Sitaki.

Nakaa Walthamstow, juu ya duka la vitambaa. Fleti yangu nimeinunua kwa jasho la kuogesha wazee wa watu. Kwa asiyejua: hapa London ukinunua fleti, mara nyingi hununui jengo, unanunua miaka ya kukaa. Jengo lina mwenyewe. Miaka yako inapungua, na ikishuka chini ya themanini, kuiongeza kunakuwa ghali zaidi. Ndiyo sheria yao.

Mwenye jengo letu alikuwa mzee wa Kihindi, ndiye mwenye duka la chini. Mzaliwa wa Unguja kama mimi! Siku ya kwanza aliponiambia, "Karibu bibi, wa hali gani?" nilikaribia kulia katikati ya majora ya vitambaa.

Kwao waliondoka baada ya mapinduzi, na kwetu pia. Nyumba yetu ilikuwa na hati yenye mhuri, na yao vilevile. Zikachukuliwa na mihuri yake. Tangu utotoni mimi karatasi siiamini. Niliamini watu.

Kila Ijumaa nikimshushia vitumbua, naye ananitilia chai. Siku moja nikamuuliza habari ya miaka yangu. Akacheka.

"Bibi, sie na wewe wa kuandikiana barua? Mambo ya mawakili waachie Waingereza. Ukitaka miaka, n'takupa, kwa bei ya udugu. Nshasema."

Nshasema! Kwetu neno hilo linatosha kuozeshea binti.

Sasa Njeri. Hilo si jina lake, lakini akisoma atajijua. Nesi, Mkenya, anakaa juu yangu na watoto wake wawili, na miaka ya fleti yake ni sawa na yangu. Jioni moja akaingia jikoni kwangu na barua ya wakili ya kudai haki ya kuongezewa miaka. Imebaki kutiwa saini tu.

"Anti, loya amesema tusingoje. Tukishuka chini ya themanini, bei inapanda. Wewe pia andika, twende pamoja."

"Unataka kumshitaki mzee wa watu?"

"Si kumshitaki, Anti. Ni form tu."

"Mwanangu, utamvunjia heshima. Keshaniahidi, na wewe umo."

Na wewe umo! Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, jamani. Mzee hakumtaja Njeri hata siku moja. Nilimtia mimi, kwa kiburi cha kuonekana najuana na mwenye jengo. Kisha nikaitoa ile barua mkononi mwake, nikaitia kwenye droo ya vijiko, nikaifunga droo kwa kiuno. Njeri akaniachia, kwa sababu hakulelewa kubishana na mtu wa umri wangu.

Mwaka uliofuata mzee akafariki. Nililia msibani kama nimefiwa na kaka. Miaka ikashuka chini ya themanini, nami bado natembea kifua mbele.

Kisha Njeri akapata mnunuzi. Watoto wamekua, alitaka nyumba yenye ua. Mnunuzi akasema hanunui mpaka miaka iongezwe kwanza. Tukashuka pamoja dukani kwa mtoto wa mzee, aliyerithi duka na jengo. Kiswahili anakisikia vizuri sana, lakini anajibu kwa Kiingereza. Nikamweleza neno la baba yake. Akasikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nina maandishi yoyote. Nikamwambia nina neno. Akasema anasikitika, lakini bei ni ya leo.

Kwenye ngazi Njeri akaniuliza swali moja tu.

"Anti, mzee alinitaja mimi, ama ni wewe ulinitaja?"

"Ni mimi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Mnunuzi naye akaenda zake.

Nilikuwa nimeweka pesa za hija, pauni kwa pauni, miaka na miaka. Nikazitoa zote, nikampelekea Njeri zifidie kile kilichopanda. Binti yangu akanipigia kelele: "Mummy, who does that?" Mimi ndiye! Nitakwendaje kusema labbayka na barua ya mtu imo droani mwangu?

Wanawake wa msikitini wanasema nimekuwa mjinga mara mbili. Waseme. Fleti yangu mwenyewe nimeiacha na miaka yake sabini na minane. Mimi nina sitini na tisa. Tutaona nani atamaliza kwanza!

Na msingoje nimwite mzee mwongo. Hakuwa mwongo. Alikufa, basi, na ile chai ya Ijumaa siijutii hata tone.

Ninachojutia ni siku Njeri alipohama. Aliongezewa miaka kwa pesa zile, akauza kwa mtu mwingine, akapata ua wake. Nilimsikia anashuka na masanduku, nikasimama nyuma ya mlango na sahani ya vitumbua. Alipita. Hakubisha hodi.

Kwa hiyo wewe mwenye fleti, uliyempata mwenye jengo wa kwenu, anayesema kama babu yako: mpende, kunywa naye chai. Lakini barua itangulie, na ushahidi kwamba imefika uwe nao mkononi. Na kama jirani atakuja jikoni kwako na barua yake, usiiguse! Mimi ya Njeri ninayo mpaka leo, chini ya vijiko, na kila nikitaka kukoroga chai naiona.