Fundi na Gari Lililochukua Mguu wa Mdogo Wake

Saa mbili na robo asubuhi. Jua bado halijafika mlangoni mwa karakana, na fundi amelala chali juu ya gunia, kichwa chini ya gari la michezo la viti viwili. Mkono mmoja umeshika tochi, mwingine nyundo ndogo. Anagonga bomba la chuma linalopita katikati ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Anasikiliza. Anasogea upana wa kidole, anagonga tena.

"Chuma ni kama chungu," ananiambia kutoka huko chini. "Chungu kizima ukikigonga kinalia. Chenye ufa kinakohoa."

Hili halikohoi. Hata hivyo ataligonga lote hadi mwisho, kisha ataanza upya.

Bomba hilo mafundi huliita propela. Hubeba nguvu ya injini kutoka kwenye giaboksi, mbele, hadi kwenye difu, kule nyuma kwenye magurudumu. Kila ncha ina kiungo kinachoitwa krosi, kidogo cha kuenea kiganjani. Krosi ya mbele ya gari hili ndiyo iliyochukua mguu wa mdogo wake.

Na mdogo wake yupo. Amekaa kwenye kiti chenye mto, hatua nne kutoka hapo, magongo mawili yameegemea ukutani. Ana miaka hamsini na mmoja. Majirani bado wanamwita Dereva, ingawa hajashika usukani kwa miaka kumi na tisa. Suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kushoto. Mguu wa kulia umefungwa bendeji hadi kifundoni.

"Kaka, hiyo propela ingekuwa mtu, ingeshakwenda kukushtaki," anasema. "Kila siku unaipiga na haijakukosea."

Chini ya gari, nyundo inaendelea.

Fundi ana miaka hamsini na minane, na spana alizishika akiwa na kumi na saba. Sifa yake ilikuwa moja: kuyaongezea nguvu magari ya zamani bila kuyavunja. Enzi hizo alipokea magari sita kwa wiki. Siku hizi yakija mawili anashukuru. Magari mapya yanataka kompyuta, na wenye ya zamani wamechoka kumsubiri, kwa sababu akimaliza kufunga kitu hufungua tena kuhakikisha. Mtaani wamempa jina, Fundi Fungua-Tena. Analijua, na halimchekeshi.

Hakuwa hivyo. Alikuwa na mkono mwepesi, na hapo ndipo habari ilipoanzia.

Gari hili, ambalo umri wake unazidi wa Dereva, lililetwa na mteja aliyetaka liwekwe injini kubwa zaidi. Fundi aliiweka. Alijua vyuma vya zamani visingeihimili, hivyo akabadilisha klachi, akatia giaboksi nzito, akaweka difu yenye meno mapana na ekseli nene. Ilimchukua miezi mitatu. Mbele pakawa imara, nyuma pakawa imara.

Katikati akaitazama ile propela ya zamani.

"Niliipaka grisi," anasema. Ametoka chini ya gari sasa, anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ikang'aa. Nikaiona nzima. Nikaiacha."

Kamba hukatikia pembamba. Giaboksi ilipokataa kuvunjika na difu ikakataa, nguvu yote ya injini mpya ikaishukia krosi ndogo ya mbele. Ilikatika gari likiwa mwendo kasi. Propela ikadondoka upande mmoja huku ikizunguka, ikapasua sakafu kama rungu, na mguu uliokuwa karibu nayo ni wa kushoto wa dereva. Mteja hakulitaka gari hilo tena. Liliburutwa hadi hapa, likafunikwa turubai kwa miaka kumi na mitano.

Aliyetumwa kulijaribu siku ile ni mdogo wake. Aliyemtuma, na kumkabidhi ufunguo mkononi, ni yeye.

"Watu husema majuto ni mjukuu," anasema fundi. "Wangu huyu mjukuu amenizeekea nyumbani. Nala naye, nalala naye."

Miaka minne iliyopita Dereva aligundulika kuwa na kisukari. Alirudi kutoka kliniki, akavuta turubai kwa ncha ya gongo, akamwambia kaka yake kwamba anataka jambo moja tu: kuliendesha gari hili mara moja kabla ya kufa.

Fundi kesho yake alikutwa analiosha.

Tangu hapo amelijenga kwa siku ambazo hakuna kazi ya mtu, nazo zimekuwa nyingi. Propela ni mpya, imechongwa kwa bomba nene. Krosi zote mbili ni za lori dogo. Chini ya sakafu amefunga pete mbili nzito za chuma, na propela inapita ndani yake, ili siku ikikatika ibaki imening'inia humo isimfikie mtu. Pete hizo zingekuwepo miaka kumi na tisa iliyopita, Dereva angetembea.

Kila boliti iliyokazwa amechora juu yake mstari mweupe wa rangi. Ikilegea hata kidogo, mstari unapinda na kumwonyesha. Nimejaribu kuihesabu mistari hiyo nikaishia sabini na kitu.

Na kwa kuwa mguu wa klachi haupo, pedali yake ameing'oa. Mahali pake kuna mpini mwembamba kando ya gia. Ukiubana kwa vidole vinne klachi inaachia, kama breki ya baiskeli. Amefunga mpira laini kwenye mpini huo, akaupunguza kwa kisu hadi ukaenea kiganja cha mdogo wake.

Yaani gari liko tayari. Lilikuwa tayari miezi minane iliyopita.

"Bado," anasema fundi. "Difu ina kijisauti. Nataka niifungue."

"Umeifungua mara tisa!" anadakia Dereva.

"Ya kumi ndiyo ya mwisho."

"Ya tisa pia ilikuwa ya mwisho. Hata ya nne."

Mke wa fundi anaingia na beseni la maji ya uvuguvugu na bendeji safi. Kila asubuhi ndiye anayemsafisha shemeji yake kidonda. Kiko chini ya unyayo, kina miezi saba, na kimekataa kupona. Anapiga magoti, anafungua bendeji polepole, anapuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Shemeji, usinipulizie, nitapeperuka," anasema Dereva. "Nimebaki mwepesi."

"Nyamaza huko, shemeji. Mdomo wako ndio mzito."

Hacheki sana. Anajua, na wote humu ndani wanajua, kwamba daktari amepanga tarehe. Ni Jumanne ya wiki ijayo. Mguu wa kulia utakatwa juu ya kifundo.

"Mmoja ulikwenda na gari," anasema Dereva, akitazama pembeni wakati kidonda kinasafishwa. "Huu mwingine sukari imekuwa ikiuonja tu. Sasa imeamua kula." Kisha, kwa sauti nyingine: "Daktari hapendi niukanyagie, nami simbishii. Lakini mafuta na breki vinakanyagwa kwa huu. Ikifika Jumanne, mimi na gari hili basi."

Fundi amekwisha kwenda ukutani. Zana zake hutundikwa kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeusi. Kivuli kimoja kiko wazi.

"Spana namba kumi na nne iko wapi?"

Anatafuta kwenye ndoo ya boliti, kwenye dirisha, chini ya gunia. Mkewe anakung'uta bendeji.

"Baba Watoto, mwulize mdogo wako kwa nini siku hizi anakaa upande upande kama kuku anayeatamia."

Dereva anautazama mlango. Kisha anauinua mto, na spana iko pale, ina joto la mwili.

"Siku tatu nimeikalia," anasema. "Inaniumiza, lakini nimezoea. Haya chukua, fungua. Ila kwanza niambie kitu. Wiki iliyopita ulipaka rangi meno ya difu ukayazungusha. Alama ilikaa wapi?"

Fundi anaigeuza spana mkononi.

"Katikati."

"Na wewe ndiye uliyenifundisha. Ikikaa ukingoni, vibaya. Ikikaa katikati?"

"Vizuri."

"Basi hicho kijisauti kiko wapi, kaka?"

Nje mtu anaburuta mkokoteni, magurudumu yake yanalia, yanapita, yanapotea. Mke wa fundi amesimamisha mikono ndani ya beseni.

"Hakuna sauti," anasema fundi hatimaye. Ameitazama sakafu. "Difu ni nzima. Propela nzima. Mimi siogopi chuma. Mimi... mkono huu uliokupa ufunguo siku ile. Nikiuinua kukupa tena, unakufa ganzi."

Dereva hasemi mzaha. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa wamekula sahani moja, na maneno hayo hayajawahi kutamkwa mbele yake.

"Sikuwahi kukudai mguu," anasema. "Nilikudai gari. Jumamosi, kaka. Hata mita mia mbili."

Spana inarudi juu ya kivuli chake.

Kuna kiwanda kilichofungwa, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa kwa kuvuta gari kwa kamba. Kina uwanja mrefu wa lami usiopita mtu, na mlinzi wake ameshakubali. Mpango ni kufika saa tatu asubuhi, kuzunguka uwanja mara moja, na kurudi nyumbani kabla bendeji haijalowa. Mwendo hautazidi ule wa baiskeli. Hayo ni masharti ya mke wa fundi, na hakuna aliyethubutu kuyajadili.

Namuuliza fundi atasimama wapi kutazama.

"Kutazama?" Anashangaa, kama nimemuuliza kitu cha kitoto. Anakwenda upande wa pili wa gari, anafungua mlango wa abiria, anakaa na kunyoosha miguu. Wa kulia unagusa ukuta wa bati ambao propela inapita nyuma yake. Anaupiga kwa kiganja, mara mbili.

"Nitakaa hapa. Propela inapita katikati yetu. Safari hii kama itatoka, ina miguu miwili ya kuchagua."